Kidole cha Hashil

Hakuna jambo ambalo Bi Wahiba halijui. Ukiumwa jino anajua dawa yake, ukigombana na mumeo anajua nani mwenye makosa kabla hujamaliza kusimulia, na ukipika pilau yako jikoni kwako atakuja kukuonyesha ulipokosea. Watu wa Bunju wamemzoea. Akishapita wanamcheka, wakipatwa na shida wanakuwa wa kwanza kumpigia hodi.

Basi siku aliposhindwa kutia saini karatasi moja, tena ya ukurasa mmoja tu, watu walishangaa. Yeye mwenyewe alijishangaa kuliko wote.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya hospitali, ya ruhusa ya kumkata mdogo wake kidole. Hashil bin Khalil ni mtu wa miaka hamsini na minane, muuza kanga na vitenge pale Tandika, kafiwa na mke, mtoto hana, mbishi wa kuzaliwa, na ugonjwa wa sukari anao mwaka wa kumi na mbili sasa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilianza kumvimba ghafla. Kikawa chekundu, kikawa cha moto, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Kikakaa siku kadhaa, kikatulia. Kikarudi, kikatulia. Mara ya nne hakikutulia tena, kikatoboka ubavuni na kuanza kutoa uji mweupe. Bi Wahiba hakungoja kuambiwa. Alikodi gari mpaka Tandika, akafunga duka kwa mkono wake, akamleta mgonjwa Bunju na kumlaza chumba cha mbele.

"Mie siyo mtoto, Da Wahiba," Hashil alilalamika.

"Ungekuwa mtoto ingekuwa afadhali. Ningekuchapa."

Akaanza kumuuguza. Asubuhi na jioni alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, na kila siku iendayo kwa Mungu alimpikia supu ya makongoro, nzito, ya miguu ya ng'ombe iliyochemka mpaka ikalainika, maana kila mtu anajua kwamba kongoro linaongeza ute kwenye viungo. Mguu hutibiwa kwa mguu. Nani asiyejua hilo? Na Hashil, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akiishi kwa chipsi za mtaani, aliinywa mpaka akalamba bakuli. Kidole kikazidi kuvimba.

Akampeleka hospitali, na huko walimpata Dokta Gaspar, kijana wa Sumbawanga, mpole, mwenye sauti ya chini hata inabidi usogeze sikio. Alimpiga eksirei akaona mfupa umelika. Akapima damu, sukari ikawa juu. Akapima na gauti, ule ugonjwa wa viungo ambao wazee waliuita jongo, kwa sababu gauti hupenda sana kuanzia kidole gumba. Majibu yakasema kiwango ni cha kawaida, hakuna gauti.

"Basi ni mfupa umeoza," Dokta Gaspar alisema. "Kwa mtu wa sukari hali hii haichezewi. Tukiwahi tutakata kidole peke yake. Tukichelewa sijui tutakata wapi."

Hashil akageukia ukutani. "Muulizeni dada. Yeye ndiye mjuzi. Akisaini pale pa ndugu, na mie nasaini pangu. Asiposaini, niacheni nife na vidole vyangu kumi."

Bi Wahiba akashika kalamu. Mkono ukakataa.

Miaka ishirini na miwili nyuma, baba yao, Mzee Khalil, alilala kitanda cha hospitali akiwa na mguu kama huo huo na sukari hiyo hiyo. Wahiba, mtoto wa kwanza, mjuzi tangu ujana wake, alipewa karatasi akasaini papo hapo, wala hakuisoma. Kikakatwa kidole. Baada ya miezi miwili akasaini tena, ukakatwa mguu kwenye kifundo. Akasaini tena, ukakatwa juu ya goti. Mara ya nne hapakuwa na karatasi ya kusaini, palikuwa na sanda ya kununua. Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo moyoni mwake palibaki mahali pamoja ambapo Bi Wahiba hakujua kitu, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Nipe siku mbili, mwanangu," alimwambia daktari.

Siku mbili zikawa nne, nne zikawa wiki. Nyumbani akajitia ana shughuli nyingi. Jirani yake Eufrazia, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba asiyezungukazunguka, akamwambia kwa wema kabisa: "Bi Wahiba, ukiendelea kuogopa hivi utamuua ndugu yako." Bi Wahiba alimjibu kwamba yeye haogopi, anatafakari. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji ili asisikike, akalia mpaka ndoo ikafurika.

Dokta Gaspar naye uvumilivu ulimwishia, ila kwa upole wake. "Mama, Alhamisi nimeshampangia chumba cha upasuaji, na sisogezi tena. Jumatatu mpeleke akapimwe mishipa ya damu kwa altrasaundi, tujue damu inafika mpaka wapi. Ukishaona kwa macho yako, labda utajua unachosaini."

Altrasaundi! Hapo Bi Wahiba akapata nguvu. Binti zake na wakwe zake amewasindikiza altrasaundi mara ngapi?

"Sharti unywe maji mengi na ubane mkojo," alimwambia Hashil asubuhi ya Jumatatu, akimkabidhi chupa mbili kubwa. "Usipobana, mashine haioni kitu."

"Wanaangalia mguu, dada."

"Hashil, unanifundisha mie?"

Hashil akanywa. Atafanyaje? Barabara ya Bagamoyo siku hiyo ilikuwa na foleni ya kufa mtu, na walipofika Mikocheni, kwenye kituo kidogo cha vipimo kilichokuwa zamani nyumba ya kuishi, yule bwana hakuweza hata kuitikia salamu. Ukumbi ulijaa wanawake wajawazito, kila mmoja na chupa yake ya maji. Hashil akaketi katikati yao na kanzu yake na mkongojo wake, macho yamemtoka, midomo ameikaza.

Mwanamke mmoja wa jirani yake akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, mwezi wa ngapi?"

"Wa tisa," Hashil akajibu huku ameuma meno. "Na usinichekeshe, nitajifungua hapa hapa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na zamu yake ikasogezwa mbele kwa huruma.

Mpimaji aliitwa Atuganile, mwanamke wa makamo kutoka Tukuyu, mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akasoma fomu, akamtazama mgonjwa.

"Mishipa ya mguu. Mbona unahema hivyo, baba?"

"Nimebana."

"Umebana nini?"

"Mkojo, mwanangu. Nini kingine?"

Atuganile akautazama mguu, akaitazama fomu, akamtazama Bi Wahiba aliyekuwa ameanza kuchunguza dari. Alijiuma mdomo, lakini kicheko kilimshinda. "Jamani! Mguu haubaniwi mkojo. Mpelekeni chooni mzee wa watu kabla hajapasuka!"

Hashil alipokuwa akitoka, ameshikiliwa na mhudumu, alimtupia dada yake jicho ambalo maneno yake hayaandikiki hapa. Bi Wahiba akakaa kwenye kiti cha pembeni, kimya. Kimya chake ni kitu adimu, na siku hiyo kilikuja na aibu.

Hashil aliporudi akiwa mtu mwingine kabisa, kipimo kikaanza. Atuganile alimpaka jeli baridi, akapitisha kile kifaa kuanzia pajani mpaka kwenye unyayo. Mashine ikatoa sauti, shwaa, shwaa, shwaa.

"Hiyo ndiyo damu yake," Atuganile alisema. "Inafika mpaka vidoleni. Mishipa mizuri, hata vijana wengine hawana."

Kazi ilikuwa imekwisha. Fomu iliomba mishipa, mishipa imepimwa, na nje wamekaa wanawake kumi na wanne waliobana kwa haki kabisa. Angemfuta jeli akaita mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Atuganile alibaki ameushika ule mguu, uso ameukunja.

"Damu inafika vizuri namna hii. Sasa kinaoza kwa nini?" Akageuka. "Mama, kidonda hiki nani anakiosha?"

"Mie."

"Huo uji unaotoka ukoje?"

Wiki zote zile za hospitali hakuna aliyemuuliza Bi Wahiba swali hilo. Siku moja alijaribu kumweleza muuguzi, akaambiwa, "Mama, usaha ni usaha," naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akameza neno. Sasa anaulizwa, tena na mtu aliyetoka kumcheka.

"Haunuki," alisema polepole. "Usaha naujua, nimeuguza wengi, usaha unanuka. Huu haunuki. Na ukikauka unakuwa unga, kama chokaa ya ukutani. Niliusugua kwa vidole, ukawa unakwaruza."

Atuganile akashusha miwani machoni. Alirundika jeli nyingi juu ya kidole ili kifaa kisikigandamize, akakiegesha taratibu. Hashil akafumba macho akaanza kusoma dua. Kwenye kioo pakatokea picha ya kijivu, na Atuganile akaikuza, akaigandisha.

"Njoo uone, mama. Huu mstari mweupe wa chini ni mfupa. Hapa juu yake peusi ni gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha ya mfupa. Hapa juu ya gegedu hapatakiwi kuwa na kitu. Sasa tazama, kuna mstari mwingine mweupe, unafuatana na wa chini kama reli. Na hiki kibonge cha pembeni chenye punjepunje ndicho kinachotoa hiyo chokaa yako."

"Ndiyo kuoza kwenyewe?"

"Ngoja kwanza." Akahamia mguu wa kulia, ule mzima. Akapaka jeli, akaegesha kifaa. Mistari miwili, vile vile. "Baba, huku panauma?"

"Huku salama kabisa."

"Mfupa unaooza hauozi miguu yote miwili kwa mfano mmoja, tena upande mmoja mtu asisikie kitu." Akavua miwani. "Mama, mie siandiki ugonjwa, naandika ninachokiona. Kuutaja ni kazi ya daktari. Lakini ninachokiona hapa ni chembechembe za gauti."

"Gauti walipima, wakasema hana."

"Walipima damu wakati kidole kimewaka moto. Wakati huo damu inaweza kukudanganya ikasoma kawaida, na mzigo wote umejaa kwenye kiungo."

Akachukua simu, akampigia Dokta Gaspar pale pale. Bi Wahiba alimshika Hashil begani, wakasikiliza upande mmoja wa mazungumzo. "Ndiyo, dokta, najua majibu ya damu... Najua, na eksirei... Lakini miguu yote miwili, dokta. Naomba usikate kabla hujachoma sindano. Vuta hicho kitu, kikatazamwe kwa darubini. Sindano moja tu, nakuomba." Bi Wahiba akazidi kulikaza bega la Hashil. Kisha Atuganile akatabasamu. "Amesema mpelekeni kesho."

Jumanne sindano ikachomwa. Jumatano jioni Dokta Gaspar akawaita ofisini, na kwa heshima yake lazima niseme hakuzunguka mbuyu. Darubini imeonyesha chembe za gauti, zimechongoka kama sindano, na vijidudu hakuna hata kimoja.

"Nilikosea," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. "Niliiamini karatasi ya damu, nikaona mfupa umelika, nikafunga hesabu. Nusura nimkate mtu kidole kisichooza. Mnisamehe." Akaichukua ile karatasi ya ruhusa, akaichana vipande viwili mbele yao.

Bi Wahiba alilia kwa sauti, bila bafu wala ndoo, wauguzi wakachungulia mlangoni. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Atuganile, akamshukuru Dokta Gaspar kwa kukubali kukosea, maana wakubwa wangapi wanakubali? Akawashukuru hata wale wajawazito waliowapisha foleni. Hashil akampa leso yake, mwenyewe akajifanya vumbi limemwingia jichoni.

"Sasa," daktari akasema walipotulia, "kuna dawa ya kutuliza moto huu, na ukishapoa kuna ya kunywa kila siku ili usirudi. Kidonda tutaendelea kukisafisha. Ila niambie, mzee, unakula nini?"

"Vya kawaida tu," Hashil akajibu upesi, akitazama dirishani. "Ugali, mchicha."

Bi Wahiba akamjua. Alikuwa anamsitiri dada yake. "Muongo huyo, dokta. Kila asubuhi supu ya makongoro, na Jumapili maini. Napika mie."

Dokta Gaspar akaweka kalamu chini taratibu. "Aa, mama."

Hakuhitaji kuongeza neno. Bi Wahiba alihisi miguu yake yeye ndiyo imekatwa. Mwezi mzima, kwa mapenzi yote, amekuwa akiamka alfajiri kuupikia ugonjwa kifungua kinywa! Daktari akamweleza kwa huruma kwamba gauti haianzi kwenye sufuria, mwili wenyewe hushindwa kutoa taka yake, na Hashil alianza kuumwa kabla hajaonja bakuli hata moja. Supu ilichochea tu. Nyama nyekundu, maini, utumbo na supu nzito apumzike navyo, soda asiziguse. "Na anywe maji. Maji mengi sana, kila siku."

Bi Wahiba, machozi hayajakauka, akageuka. "Umesikia, Hashil? Maji mengi!"

"Hakusema nibane," Hashil akajibu, na wote watatu wakacheka mpaka daktari akafuta macho.

Walipokuwa mlangoni Bi Wahiba akarudi hatua moja. "Dokta, na baba yetu? Naye alikatwa hivi hivi, kidogo kidogo."

"Sijui, mama," Dokta Gaspar akasema. "Sikumwona. Huenda yeye ilikuwa sukari kweli. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Bi Wahiba akaitikia kwa kichwa. Hilo lilimuuma, lakini alimshukuru kwa kutomdanganya.

Baada ya wiki tatu uvimbe ulikuwa umekwisha na kidonda kimeanza kufunga. Atuganile alipelekewa visheti kilo mbili na dua zisizo idadi, na Hashil mwenyewe alivipeleka Mikocheni kwa miguu yake, akasimama mbele ya wajawazito wapya, akasema kwa sauti kwamba huyu mama amemwokolea kidole na mengine mengi. Mtu ambaye kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumsikia akisema ahsante.

Siku ya kurudi Tandika alivaa viatu vya kufunika, vyote viwili, akasimama sebuleni na begi lake. Bi Wahiba alikuwa katikati ya maagizo: dawa saa ngapi, dagaa kidogo tu, chipsi ole wako.

"Da Wahiba, nyamaza kidogo."

Akanyamaza.

"Ile wiki uliyokataa kusaini nilikukasirikia. Nilidhani unanichezea."

"Sikukataa," Bi Wahiba akasema. Alitaka kusema alikuwa anatafakari, kama alivyowaambia wote, lakini uongo haukutoka. "Niliogopa, Hashil. Niliogopa tu, basi. Sikuwa najua kitu. Kwa baba sikuogopa, nilisaini kama napokea chenji..."

Hashil akaweka begi chini. Akauchukua mkono wa kulia wa dada yake, akauinamia akaubusu, kama wadogo wanavyobusu mikono ya wakubwa zao siku ya Idi, na hakuuachia. "Baba mwachie Mungu, dada. Mie nazungumza yangu. Ungekuwa jasiri siku ile ya kwanza, daktari asingetutuma Mikocheni, na leo ningekuwa nachechemea. Kwa mwoga huenda kicheko. Nakushukuru kwa woga wako."

Bi Wahiba akaokota lile begi kabla Hashil hajaliwahi, wakatoka pamoja kuelekea barabarani. Alitembea polepole, hatua na kusimama, kwa mazoea ya kumngoja mgonjwa, mpaka Hashil, ambaye alikuwa ameshamtangulia, akageuka na kumwambia akaze mwendo.